Bresi Ndefu ya Goti Yenye Bawaba: Tathmini ya Mwalimu Aliyegongwa kwenye Kivuko

Bresi, yaani kifaa cha kushikilia kiungo, ninayoiandikia hapa ni ile ndefu, inayoanzia katikati ya paja hadi karibu na kifundo cha mguu, yenye fito mbili za alumini ubavuni, mikanda minne ya kunatisha na bawaba zilizoandikwa namba za nyuzi za pembe. Niliinunua kwa shilingi 185,000 katika duka la vifaa tiba huko Upanga, Dar es Salaam, siku nne baada ya kugongwa na gari, na nimeivaa kwa wiki 12, sita za kwanza usiku na mchana. Kisanduku chake hakikuwa na jina la maana la mtengenezaji, na bresi za umbo hili huuzwa kwa majina mengi, kwa hiyo ninachokipima ni aina ya kifaa na huduma niliyoipata pamoja nacho. Hukumu yangu naitoa mapema ili asiye na muda asihangaike: kwa goti lililogongwa ubavuni, kifaa hiki kinastahili bei yake, ila kikifungwa na asiyejua kinaweza kukuongezea jeraha juu ya jeraha.

Niligongwa Buguruni, kwenye Barabara ya Mandela, nikiwa juu ya mistari ya pundamilia. Daladala ilikuwa imesimama kutupisha, na gari dogo lililokuwa nyuma yake likaona limecheleweshwa, likaipita kwa upande wa kulia. Kila anayevuka barabara za mji huu anaijua hali hiyo: anayekupisha ndiye anayekuziba usimwone asiyekupisha. Kwa kuwa kwetu magari huendeshwa kushoto, mvukaji aliye katika nusu ya kwanza ya barabara hufikiwa kutoka kuliani, na hivyo mguu wangu wa kulia ndio uliopokea bampa, upande wa nje, chini kidogo ya goti.

Ni lazima nieleze kilichotokea ndani ya goti, kwa sababu bila kukielewa mtu hawezi kujua bresi ipi ni dawa na ipi ni mapambo. Mguu uliokanyaga lami ulikuwa umebeba uzito wa mwili mzima, kwa hiyo haukuteleza. Bampa likausukuma kuelekea ndani, na goti, ambalo limeumbwa hasa kukunjika na kunyooka, likalazimishwa kukunjika kiubavu. Upande wa nje, ncha ya mviringo ya mfupa wa paja hushindiliwa juu ya kichwa bapa cha muundi, mfupa mkubwa ulio chini ya goti, kama mchi unavyoangukia ukingo wa kinu, na kichwa hicho hupasuka au kubonyea. Upande wa ndani mambo ni kinyume: goti linafunguka, na ligamenti inayouunganisha mfupa wa paja na muundi huvutwa hadi ikachanika. Pigo likiwa kubwa zaidi, huchanika pia ligamenti mbili zinazopishana katikati ya goti, pamoja na meniski, zile nusu-pete za gegedu zinazokaa kati ya mifupa kama mito.

Jeraha hili si geni. Mwaka 1929 madaktari wawili wa Marekani, Cotton na Berg, walikwisha kulieleza na kulipa jina linalotokana na sehemu ya mbele ya gari inayogonga, na mwaka 1979 Joseph Schatzker na wenzake wa Toronto wakaigawa mipasuko ya kichwa cha muundi katika aina sita ambazo madaktari wa mifupa wanazitumia hadi leo. Watengenezaji wa magari nao wanalifahamu vizuri. Kanuni ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2008 kuhusu usalama wa waenda kwa miguu iliagiza bampa lijaribiwe kwa mguu wa bandia katika mwendo wa kilomita 40 kwa saa, na goti la mguu huo lisikunjike kiubavu zaidi ya nyuzi 19. Nilipoisoma namba hiyo nikiwa kitandani nilichukua kipimapembe changu cha darasani nikaichora: ni pembe ndogo sana, mwanafunzi wa kidato cha kwanza angeiona haistahili hata kupewa herufi. Tena jaribio ni la kilomita 40, ilhali katika maeneo ya makazi nchini mwetu dereva anaruhusiwa 50, na gari lililonigonga lilikuwa limekwisha kula miaka yake mingi Japani kabla ya kushushwa bandarini kwetu.

Hospitalini, nikiwa na fomu yangu ya PF3 kutoka polisi, nilipigwa eksirei na kisha CT scan. Majibu yalionyesha ufa katika upande wa nje wa kichwa cha muundi, mifupa ikiwa haijahama mahali pake, na ligamenti ya ndani iliyochanika kwa sehemu kubwa bila kukatika kabisa. Kwa bahati hiyo nilikwepa vyuma vya upasuaji. Daktari aliniamuru nisikanyagie mguu huo kwa wiki sita, nitembelee magongo, na nitafute bresi. Kabla ya kuniruhusu aliniambia niinue kidole gumba cha mguu kuelekea usoni, akagusa mapigo ya damu juu ya unyayo, akauliza kama ninahisi ganzi. Wakati ule niliona ni mazoea tu ya kazi. Umuhimu wake niliuelewa wiki moja baadaye, na sababu yake ilikuwa bresi hiihii.

Karatasi niliyopewa ilikuwa na maneno mawili, "bresi ya goti", bila aina wala kipimo, na hapo ndipo fedha yangu ya kwanza ilipopotea. Duka la dawa la karibu na nyumbani liliniuzia soksi ya mpira ya kuvuta, ya shilingi 18,000, aliyeiuza akinihakikishia kwamba wachezaji wote wanaivaa. Soksi hiyo inashika joto, inabana uvimbe kidogo, na inampa aliyeumia hisia kwamba kuna kitu kimemshika. Lakini haina hata ufito mmoja ubavuni, na goti langu lilikuwa limeumizwa kwa nguvu ya ubavuni. Usiku wa kwanza nilipojigeuza kitandani nilisikia goti likifunguka kuelekea ndani, kama mlango ambao bawaba moja imeng'oka, na maumivu yake sitayasahau. Kuivaa kulihitaji pia kuivuta kupitia unyayo na kifundo, jambo ambalo kwa goti lililojaa damu ni adhabu tosha. Kwa mzee mwenye maumivu ya kawaida ya goti huenda inafaa. Kwa aliyegongwa na gari, asiuziwe.

Duka la Upanga lilikuwa habari nyingine. Aliyekuwa pale, mama wa makamo, hakuanza kwa kutaja bei, alianza kwa kuuliza, "Umeumiaje, mwanangu, ulianguka au uligongwa?" na nilipomjibu akaomba kuona karatasi ya daktari na majibu ya picha. Kisha alipima kwa futi ya fundi cherehani mzunguko wa paja langu na wa shavu la mguu, akapima na urefu kutoka pajani hadi kifundoni. Bresi za bei ya chini, alinieleza, huja kwa urefu mmoja. Hii ina fito zinazorefushwa na kufupishwa kwa kubonyeza kitufe, na kwa mtu mfupi kama mimi hilo si anasa, kwa sababu ufito ukizidi urefu unachoma nyama ya juu ya paja kila ukikaa. Alinikumbusha pia kwamba bawaba lazima ikae usawa wa goti penyewe palipo na maungio, isipande wala kushuka, la sivyo chuma kitakunjika mahali pake na goti mahali pake.

Sasa niiseme bawaba yenyewe, kwa kuwa ndiyo moyo wa kifaa. Kila ubavu una kisahani cha plastiki ngumu chenye namba kuanzia sifuri hadi 120, na vipini viwili vidogo vya kusogeza: kimoja kinaweka mwisho wa kunyoosha, kingine mwisho wa kukunja. Ukiweka sifuri na 30, goti linaweza kutembea kati ya namba hizo mbili tu, na hata ukijisahau usingizini haliendi zaidi. Wiki mbili za kwanza nilikaa kwenye 30, kisha tukapanda hadi 60, na mwishoni mwa wiki ya sita tukafika 90. Namba hizo ni zangu, zilitoka kwa daktari wangu kwa kutazama ufa wangu, na asizinakili mtu. Kwa mwalimu wa Hisabati kulikuwa na raha ya ajabu kuona uponyaji ukiandikwa kwa nyuzi, na niliweka jedwali ukutani, ingawa mume wangu alilalamika kwamba nyumba imegeuka ofisi ya walimu.

Vipini hivyo vina kasoro moja inayoudhi. Cha upande wa ndani kililegea katika wiki ya tano, kikawa kinaruka kutoka kwenye tundu lake, na asubuhi moja nikakuta ubavu wa nje uko 60 na wa ndani uko 90. Bresi ikiwa hivyo inajipinda inapokunjwa, na kujipinda ndiko hasa goti lililochanika ligamenti lisikokutaka. Nilikizungushia plasta, nikapiga simu dukani, wakanibadilishia kisahani bila malipo siku ya pili yake. Kwa hiyo kasoro ipo, na waliirekebisha. Lakini tangu siku hiyo sikuwahi kuvaa bila kwanza kutazama visahani vyote viwili kama dereva anavyotazama vioo.

Jambo zito zaidi lilikuwa mkanda wa tatu kutoka juu, unaopita chini kidogo ya goti. Upande wa nje wa mguu, pale penye kifundo kidogo cha mfupa ambacho mtu anaweza kukigusa kwa kidole, mshipa wa fahamu unazunguka shingo ya mfupa mwembamba ukiwa karibu kabisa na ngozi, na mshipa huo ndio unaoinua unyayo na vidole. Unaweza kujeruhiwa na bampa lenyewe siku ya ajali. Mimi ulinusurika bampa ukataka kuharibiwa na mkanda wa kunatisha. Nikiogopa bresi isishuke, niliukaza mkanda ule kwa siku mbili mfululizo. Siku ya tatu mgongo wa unyayo ulifanya ganzi, kidole gumba kikawa kizito kuinuka, na nilipokokota mguu kwenda chooni ncha ya kandambili ilikuwa ikikwaruza sakafu. Mtaalamu wa fiziotherapia (tiba ya mazoezi ya viungo), kijana mpole aliyekuwa akiniita "Mwalimu" hata pale ninapolia, aliufungua mkanda, akabonyeza palepale, nikaruka. Alikata kipande cha sponji chenye tundu katikati, akakiweka ili kifundo kile kikae ndani ya tundu bila kuguswa, akausogeza mkanda chini kwa upana wa vidole viwili. Ganzi iliondoka polepole ndani ya juma. Karatasi ya maelezo iliyokuja na kisanduku haikuwa na hata neno moja kuhusu jambo hili, na hapo mtengenezaji, awaye yeyote, ananidai nimkasirikie.

Kuhusu joto sina la kupamba. Sponji inayozunguka mguu imetengenezwa na watu wasioijua Dar es Salaam ya mwezi Februari. Ndani ya saa moja inaloa, ikiloa inatoa harufu, na ngozi chini yake inaanza vipele. Inafuliwa kwa mkono na sabuni ya kawaida, lakini kukauka kunachukua siku nzima, na wewe huna bresi ya pili. Niliponea kitambaa cha pamba: nilishona mfuko kutokana na kanga kuukuu iliyolainika, nikauvaa kwanza mguuni ndipo bresi ikafuata, na nikawa na mifuko mitatu ya kubadilisha. Kitambaa kilipunguza pia tabia ya bresi kuteleza kuelekea chini, tabia ambayo haikuisha kabisa, kwa kuwa paja ni pana juu na jembamba chini, na kila hatua ya gongo inaisukuma kidogo. Nilikuwa nikiipandisha mara tano au sita kwa siku. Mikanda nayo inanasa nyuzi za kila nguo inayokutana nayo. Baada ya mwezi wa pili ule wa juu ulikuwa haushiki tena, fundi viatu wa mtaani kwetu akaubadilisha kwa shilingi 3,000 na kazi yake ikadumu kuliko ile ya kiwandani.

Mtu anayetathmini kifaa cha namna hii kwa macho ya nyumba zetu lazima aseme la choo. Choo chetu ni cha kuchuchumaa, na goti lililofungwa kwenye nyuzi 30 halichuchumai. Tulinunua kiti cha plastiki, fundi akakikata tundu, tukakiweka juu. Huo ni ushauri ambao hakuna hospitali wala duka lililonipa, na ulinifaa kuliko vidonge. Swala niliswali nimekaa kitini, mguu nimeunyoosha mbele. Ngazi za ghorofa ya pili nilizishuka kwa makalio hadi wiki ya saba, watoto wa jirani wakinitangulia na magongo yangu kama wanaobeba bendera. Nilirudi darasani wiki ya nane, nikawa nafundisha nimekaa, na bresi ikaonekana chini ya gauni kama bomba. Wanafunzi waliiita roboti, nami nikaitumia kufundishia pembe butu.

Huduma ya fiziotherapia siwezi kuitenga na bresi, kwani bresi inazuia tu, haijengi. Msuli wa mbele wa paja hunyauka upesi sana usipotumika, na ndani ya wiki tatu paja langu la kulia lilikuwa limepungua sentimita nne ukilinganisha na la kushoto. Mazoezi yalianza mapema, bresi ikiwa mwilini: kulaza mguu, kuweka taulo iliyokunjwa chini ya goti na kuibana kwa kuhesabu hadi kumi, kisha kuvuta kisigino juu ya sakafu ya vigae iliyonyunyiziwa poda hadi kipini kikatae. Kila ziara ilikuwa shilingi 25,000 na dakika arobaini, mara mbili kwa wiki. Kwa miadi siwasifu, maana wa saa nne huitwa saa tano na nusu, na benchi la kungojea halina mahali pa kunyooshea mguu, katika kliniki ambayo wateja wake karibu wote hawawezi kukunja mguu. Lakini akishakuita, kijana yule anapima nyuzi, anaandika, na haongezi namba mpaka goti limekubali. Aliwahi kukataa kunipandisha kutoka 60 nilipomsihi, uvimbe ukiwa umerudi, na alikuwa sahihi.

Upande wa fedha, bima yangu ya afya ililipia picha na kumwona daktari, ikakataa bresi na magongo. Bima ndogo ya gari lililonigonga, ile ya lazima kisheria, ndiyo inayotakiwa kumfidia aliyeumizwa, na dai langu bado linaendelea. Hapo naipongeza Upanga kwa jambo linaloonekana dogo: walinipa risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, yenye jina langu na maelezo ya kifaa, bila kuombwa. Duka la soksi lilinipa kikaratasi cha mkono kisicho na tarehe, na shilingi 18,000 hizo sijui nitazidai kwa ushahidi gani. Mwenye kugongwa atunze kila karatasi ndani ya mfuko mmoja pamoja na nakala ya PF3, na namba ya gari aiandike mahali pengine zaidi ya kwenye simu, maana simu yangu ilivunjika pamoja na goti.

Nani asinunue? Ambaye ligamenti zake za katikati zimekatika au kichwa cha muundi kimebonyea, na daktari amesema upasuaji, asiitumie bresi kuahirisha upasuaji. Ambaye hajapigwa picha kabisa na hawezi kukanyaga hata hatua nne aende kupigwa kwanza. Na ambaye shavu la mguu linavimba na kuuma ndani ya bresi asiikaze zaidi. Aivue na awahi hospitalini siku hiyohiyo, kwa sababu damu huweza kuganda katika mguu uliolala muda mrefu.

Kwa nyota tano, kifaa nakipa nne kasorobo, robo ya nyota ikikatwa na vipini na nyota nzima na karatasi ile isiyosema lolote kuhusu mkanda wa tatu. Duka nalipa tano. Kliniki nne, na watairudisha ya tano siku watakayoweka kiti cha kunyooshea mguu. Bresi yenyewe nimeifua, na jirani yangu ambaye mwanawe aligongwa na bodaboda mwezi uliopita ameniomba nimwazime; nimemwambia aje nayo majibu ya picha, na futi ya cherehani nimekwisha kuiweka mezani.